Saa Nzima Jikoni

Jumatatu, 3 Septemba 1984. Kitui

Nimeandika habari mbili kabla ya chai ya saa nne. Moja ya mahindi ya msaada, moja ya kisima kilichokauka. Bwana Mulwa, mkuu wa ofisi, atazisoma kwa simu, Nairobi watarekodi, na jioni watu wataketi karibu na redio wakisema Mulwa anaijua kazi. Miaka saba katika ofisi hii. Mkono wangu, mdomo wake.

Nimeomba mara mbili nisome habari zangu mwenyewe. Mara mbili nimejibiwa kwamba sauti ya kike haipiti vizuri kwenye simu.

Sasa kuna Mmarekani anakuja kupiga picha za njaa kwa televisheni ya kwao. Mwanamke. Mweusi. Wa kwanza wa aina yake kusoma habari katika stesheni yao. Nitakuwa mkalimani. Mulwa anasema nikimridhisha, huenda mgeni huyo akaniandikia barua njema kwa wakubwa.

Simjui na tayari simpendi.

Jumanne, 4 Septemba

Amefika. Anaitwa Loretta. Miaka thelathini na nne, kama mimi. Nilitaka awe mzee. Sauti nzito, haina haraka. Akisema jina lake watu wananyamaza. Mpiga picha wake ni mzungu mrefu, Dan, haongei.

Sokoni Kabati kina mama walimsalimia kwa Kikamba. Hakujibu. Wakaniuliza kwa nini dada yangu anaringa. Nilicheka sana, halafu nikaacha. Tunafanana kweli. Paji la uso lile lile. Basi mbona yeye ana kiti cha habari na mimi nabeba mkoba wa betri?

Jumatano, 5 Septemba

Ameniuliza nani huandika habari anazosoma Mulwa. Nikasema ofisi. Mulwa alikuwa amesimama mlangoni. Loretta alimtazama yeye, kisha akanitazama mimi. Sitaki kuonewa huruma na mtu mwenye viatu vya bei vile.

Alhamisi, 6 Septemba

Kijiji kimoja upande wa Ikutha. Tulifika saa tatu. Mwenyekiti wa kamati ya chakula alikuwa amepanga viti, meza, kitambaa, soda. Akaenda moja kwa moja kwa Dan, akamshika mkono kwa mikono yake miwili. Kisha akatuona sisi, wanawake wawili weusi wenye mikoba. Akasema kwa Kiswahili, ili mzungu aone kwamba hapa kuna utaratibu:

"Mgeni wetu atakaa hapa kwa meza. Nyinyi kina mama pitieni huko jikoni, mtaitwa."

Loretta alinigeukia, akingoja nitafsiri. Maneno matatu yalitosha: mgeni ni huyu. Nilikuwa nayo mdomoni. Nikayameza. Nikatangulia kwenda jikoni, naye akanifuata.

Nilifurahi. Naandika hivyo kwa sababu hakuna atakayesoma. Moshi ulimwingia machoni, nikafurahi zaidi.

Kina mama walikuwa wanatwanga mahindi ya msaada kuondoa maganda, wapike muthokoi wa wageni. Wakampa mchi. Akatwanga vibaya, wakamcheka, wakamwonyesha, akatwanga tena. Saa nzima, jasho shingoni. Nje tulimsikia mwenyekiti akimhutubia Dan, ambaye hajui Kiswahili hata cha kuomba maji.

Halafu mama mmoja, Mama Nzioka, akaanza kusema bila kuulizwa. Jinsi majina ya orodha ya chakula yanavyobadilika usiku mmoja. Jinsi yeye hupika maganda, akala hayo, watoto wakala mahindi. Loretta akatoa kinasa sauti polepole, akakiweka kwenye mapaja. Nikatafsiri. Kinasa kikanasa na sauti yangu.

Wakamwimbia. Wakampa jina, Kasyoka, aliyerudi. Mimi nimezaliwa huku na hakuna aliyewahi kuniimbia.

Mezani hangeyapata haya. Nilitaka kumwaibisha na nimempa habari ya maisha yake. Mwenyekiti alipogundua nani ni nani alitaka ardhi ipasuke immeze.

Ijumaa, 7 Septemba

Jana tukirudi kutoka Ikutha, Loretta alikaa nyuma ya gari na mimi. Akasimulia, bila hasira. Mwaka wake wa kwanza alitumwa kumhoji meya. Bawabu akamwelekeza mlango wa nyuma, wa wafagiaji. Mezani pa mapokezi kulikuwa na mwanamke mwenye karatasi, na jina la Loretta lilikuwa kwenye karatasi hiyo. Yule mwanamke akainamisha macho.

"Alikuwa mweusi kama mimi," akasema. "Bawabu nimeshamsahau. Yeye bado."

Nilitazama dirishani hadi Kitui. Alijua. Tangu jikoni alijua.

Jumapili, 9 Septemba

Aliondoka jana. Aliniachia kalamu. Kanisani pasta amehubiri juu ya Kaini, kana kwamba aliambiwa. Sikutoa ushuhuda. Ile barua njema siistahili, na bado naitaka.

Jumanne, 13 Novemba

Mvua imeshika. Nakala ya barua pia imefika. Mulwa aliifungua kwanza, akanipa bila kuniangalia. Loretta amewaandikia wakubwa kwamba habari za Kitui ninaziandika mimi, na sauti yangu ameisikiliza kwenye kanda na ni safi. Ya jikoni hakuyataja. Laiti angeyataja. Ningemchukia kwa raha.

Wakubwa wamekubali. Kesho nasoma mwenyewe.

Ijumaa, 2 Mei 1986. Kikima

Ofisi ndogo ya habari ninayoisimamia, dirisha moja, ukungu wa Mbooni unaingia bila hodi. Ni mwaka sasa tangu niletwe huku. Watu wanajua jina langu.

Leo tuliletewa msichana kutoka chuo cha uandishi. Ndinda. Miaka ishirini na miwili. Jana nilisikiliza kanda yake. Nilizima katikati. Anasoma vizuri kuliko mimi, na hatapoteza miaka saba.

Asubuhi alifika mapema. Karani akadhani ni yule wa usafi tuliyemngoja, akamwonyesha jiko na sufuria. Mlango wangu ulikuwa wazi. Nilimwona akipita. Nikachukua faili, nikainamisha macho.

Ilikuwa faili ya vocha za petroli. Nilisoma ukurasa mmoja, wote. Halafu nikainuka.

Nilimtoa jikoni nikamkalisha kwenye kiti changu, mbele ya karani. Habari ya saa saba ameisoma yeye.

Chai alikuwa ameshaipika. Nimeinywa. Hata chai yake ni nzuri kuliko yangu.