Nailoni Iliyochoka

Jumamosi usiku

Afadhali hakuumia. Ningemwambia nini Kariuki, kwamba mama yake ameanguka kwenye nyanya zetu?

Mama mkwe aliniuliza kwa nini nailoni ya grinihausi yetu ya nyanya imegeuka manjano. Nikamweleza kwamba kiwandani hutiwa dawa ya kuikinga na jua, ila ule moshi wa salfa ambao Kariuki alifukiza kuua ukungu umeiharibu dawa hiyo. Sasa jua linazikatakata nyuzi zake ndogo zisizoonekana, na mabomba ya chuma yanayoishikilia yakipata joto yanaimalizia; kwa kifupi, imechoka. Mimi ni mwalimu wa kemia, na kwa kweli nilijisikia vizuri.

"Ati imechoka?" akasema. "Imechoka aje na haijawahi kulima?"

Akaiegemea kwa mgongo kunionyesha ilivyo imara. Ikapasuka kama chapati ya juzi, akaingia kinyumenyume, nikabaki nikiona viatu tu.

Nikakimbilia ndani roho mkononi. Alikuwa amelala chali, mwekundu kuanzia kitambaa cha kichwa hadi sketi, na sikujua ipi ni nyanya na ipi ni damu. Kisha akaokota nyanya moja, akaiuma.

"Hii iko sawa," akasema.

Nailoni mpya sijui tutaitoa wapi kabla baridi ya Julai haijaingia. Kariuki aliporudi alifoka, "Nani amepasua hii kitu?" Mama yake akanitangulia kujibu.

"Ni jua imekata nyuzi, juu ya ile moshi yako. Kwani wewe hukusoma kemia?"