Programu Niliyoiita Nyingine

Issa Picha,
S.L.P. 61,
Makambako.
12 Desemba 2004

Mpendwa Baba mdogo Abdulatif,

Assalaam alaykum. Shikamoo, Baba mdogo. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Mwanza, wewe na Mama mdogo na wadogo zangu, na kwamba lile goti lako la kushoto limeacha kukusumbua. Sisi huku hatujambo, tunamshukuru Mungu. Baba kikohozi kimemwachia. Bibi bado anaamka kabla ya adhana na kugombana na kuku wa jirani. Mvua zimeanza, tope limefika mpaka mlangoni, wenye mashamba wanapanda mahindi na wenye malori wanalaani barabara ya Ludewa.

Najua macho yako yanaruka salamu yanatafuta habari ya mashine. Vumilia. Umeningoja miaka miwili, hutashindwa kungoja mistari michache.

Barua yako ya Septemba Baba alinisomea mbele ya Bibi, neno kwa neno, na wala hakupunguza sauti. Ulisema kompyuta uliyoipata kiwandani walipobadilisha mashine za ofisi, ukaisafirisha kwa lori la Mzee Halfan ikiwa imefungwa magodoro mawili, hukuituma Makambako ije kutandikiwa kitambaa cha fuma. Ulisema Idd ikipita haijafanya kazi ya maana, auziwe huyo huyo Mzee Halfan kwa ofisi yake ya malori, nasi tununue mizani ya dukani. Ukamalizia kwamba binti aliyesoma kompyuta Mbeya mwaka mzima hapaswi kushinda akitazama picha. Hilo liliniuma, Baba mdogo. Nililia nyuma ya nyumba, nikanawa uso, nikarudi mezani.

Maana kutazama picha ndiyo ilikuwa kazi yenyewe, ila sikuwahi kukueleza vizuri. Tangu tupate skana, picha zote za studio ya Baba zimo ndani ya mashine yako: za pasipoti, za kipaimara, za mahafali, elfu nne na ushee ndani ya folda moja. Mtu anatoka Igwachanya anataka nakala ya picha aliyopiga mwaka jana. Nafungua folda. Ile programu iliyokuja na mashine inataka kwanza ichore vipicha vidogo vya folda nzima, kimoja kimoja, ndipo ikuonyeshe unachotaka. Unaweza kwenda sokoni ukanunua nyanya, ukapatana bei, ukarudi, ukaikuta bado inachora. Mteja anaangalia saa, anakumbuka basi lake, anaondoka. Wengi waliondoka hivyo, na Baba akaanza kuniangalia kwa jicho la mizani.

Nikaamua kutengeneza programu yangu mwenyewe ya kutazamia picha. Kitabu aliniazima Mwalimu Hulda wa Njombe, yule mwalimu wa hesabu anayekuja kwetu kusafisha picha za shule. Usiku umeme ulikuwa wa mashaka, hivyo niliandika mchana, kati ya mteja na mteja.

Sasa cheka, maana nami nimeshacheka. Programu yangu ya kwanza niliipamba kama duka jipya siku ya kufunguliwa. Unajua hapa Makambako duka lisilo na mapambo watu wanadhani mwenyewe amefilisika. Nikaweka saa juu, kalenda pembeni, ua waridi kila kona, vitufe kumi na saba vya rangi mbalimbali, na maandishi ya KARIBU yanayopita chini kama yale ya kwenye televisheni. Mwalimu Hulda alipokuja nikamwita aione. Aliingia na salamu yake ya kamwene, akaketi, akavaa miwani, akaangalia muda mrefu.

"Mwanaheri," akasema, "na picha iko wapi?"

Ilikuwepo, katikati, imebanwa kama abiria wa mwisho. Niliona haya. Kesho yake nikaanza kung'oa. Ua likatoka, saa ikatoka, vitufe vyote kumi na saba vikatoka. Ikabaki picha peke yake imejaa kioo chote, kishale cha kulia kwa picha ya mbele, cha kushoto kwa ya nyuma, na kitufe kimoja cha kufungia. Nikaiambia pia iache tabia ya kuhesabu folda nzima kabla ya kuonyesha kitu. Muuza duka hahesabu shehena yote ndipo akuuzie kiberiti.

Ikawa safi lakini bado nzito. Kila nikibonyeza, inatafuta, inasoma, inafungua, nami nimeshika tama. Ramadhani ikaingia hali ni hiyo, na Idd ndiyo ilikuwa mpaka wangu. Ufumbuzi niliupata jikoni, na wa kushukuriwa ni mama yako.

Nilikuwa namsaidia Bibi chapati za futari. Mimi nikawa nasukuma moja, naiweka kwenye kikaango, naingoja iive, ndipo naanza kusukuma ya pili. Bibi akaninyang'anya kifimbo cha kusukumia. Akanionyesha kama mtoto mdogo: iliyo kikaangoni inaiva, wewe tayari unasukuma inayofuata, na iliyotoka usiifungie mbali, maana kuna mtu atarudi kuiomba. Akaniuliza huko Mbeya walinifundisha nini.

Niliacha unga mikononi nikakimbilia studio. Mtu anapotazama picha ya tano, mashine imekaa bure tu! Basi muda huo huo ifungue ya sita iiweke tayari, na ya nne isiitupe, maana atasema rudi. Picha tatu mkononi, zisizidi. Tena nikaiambia picha kubwa ya kamera iipunguze ilingane na kioo wakati inaifungua, si kuifungua yote kwanza. Nikabonyeza. Picha ikaja kabla kidole hakijanyanyuka. Nikabonyeza tena, na tena. Nilipiga kigelegele peke yangu, Baba akadhani tumevamiwa na nyuki.

Furaha hiyo ilidumu picha arobaini. Ya arobaini na moja mashine ikaganda kabisa. Nikaizima, nikaiwasha, ikaganda pale pale. Siku nne sikujua kosa liko wapi. Kumbe zile za nyuma nilikuwa naandika zitupwe, lakini kila moja ilikuwa inabakiza nakala yake, na mashine yako, usikasirike, ina kumbukumbu ndogo kama ya Mzee Halfan akiahidi lifti. Nilirekebisha usiku wa kuamkia Idd. Nikamwambia Baba iko tayari. Akasema vizuri, lakini kwa sauti ya mtu aliyekwisha kutoa neno lake. Mzee Halfan alikuwa ameshaambiwa aje kuichukua akishamwoza binti yake.

Harusi ikafanyika tarehe 27 Novemba, na ilikuwa harusi kweli. Mpigapicha alitoka Dar na kamera ya dijitali, akapiga picha elfu moja mia moja na arobaini, akaziacha kwenye CD mbili. Wewe unajua mila ya kuchagua. Albamu inachukua themanini, na hakuna wa kuzichagua peke yake. Shangazi wote wakae, kila mmoja ajione, kila mmoja aridhike, la sivyo ni maneno mpaka mjukuu azaliwe. Wakaenda studio moja ya barabara kuu yenye mashine mpya. Walikaa tangu adhuhuri. Picha moja inakuja, soga, chai, picha nyingine inakuja. Alasiri walikuwa hawajafika hata kwenye kufunga ndoa. Bi Rukaiya, dada yake Mzee Halfan, unamjua ulimi wake, akatangaza kwamba yeye amefichwa makusudi, hayumo hata kwenye picha moja. Wakatawanyika wamenuniana.

Jumatano asubuhi Mzee Halfan akaja kwetu na wabeba mizigo wawili na mkokoteni. Uso umemkunjamana kwa mambo ya dada zake. Baba alikuwa ameshachomoa waya wa spika. Nikamsalimia mzee, nikamuuliza kama zile CD za harusi anazo. Akasema zimo kwenye gari na hataki kuziona tena. Nikamwomba anipe nizitazame mara moja tu, mashine ingali mezani. Baba akanikazia macho. Lakini Bibi, aliyekuwa amekaa pale mlangoni anachambua maharage, akasema, "Halfan, mpe mtoto. Mkokoteni hauna haraka."

Wakati nazinakili, wabeba mizigo walipewa uji. Kisha nikafungua folda. Picha ya kwanza ikaja papo hapo: bibi harusi anapakwa hina. Mzee Halfan alikuwa amesimama na funguo za gari mkononi.

"Nyingine," akasema.

Nikabonyeza. Ikawepo.

"Nyingine. Nyingine. Rudi hapo."

Ikarudi. Akaangalia kioo, akaniangalia mimi, akauvuta ule mfuko wa maharage wa Bibi akaukalia. Zilipofika picha hamsini hivi akageuka, akawaambia wabeba mizigo waende msikitini waombe mabenchi ya madrasa, na wapite kwa dada zake wote wawaambie waje upesi. Watu walioletwa kutoa kompyuta yetu, Baba mdogo, ndio walioingiza mabenchi. Laiti ungekuwepo uone sura ya Baba.

Shangazi walikuja saba. Studio ikanukia udi na mafuta ya nazi. Mmoja anasema nyingine, wote wanaitikia nyingine, kidole changu kinakwenda na midomo yao na mashine haikuachwa nyuma hata mara moja. Hakuna vitufe vya kunichanganya, hakuna ua la kuwaziba. Picha tu, kubwa, kila mtu anajiona mpaka pini ya ushungi. Bi Rukaiya alijikuta mara thelathini na moja. Ya thelathini na mbili alikuwa anatafuna, akaomba tuipite haraka. Hata saa mbili hazikutimia, zote elfu moja mia moja na arobaini zimetazamwa, themanini zimechaguliwa, na hakuna aliyenuna.

Mzee Halfan akainuka, akampa Baba mkono. "Issa," akasema, "mimi nitatafuta mashine kwingine. Hii ikitoka hapa, dada zangu watanihamisha mji."

Baba aliupokea kwa mikono yote miwili. Alikwenda akauchomeka waya wa spika mahali pake. Jioni akawa anamwambia kila anayepita kwamba programu ile kaitengeneza mwanawe. Mimi nilijidai sisikii.

Tangu siku hiyo hatupumui. Wametoka Njombe, wametoka Igwachanya. Juzi amekuja katekista wa Ludewa, Bwana Lenard, na picha mia tisa za jubilei ya parokia. Hata mwenye ile studio ya barabara kuu alituma salamu, kisha akaja mwenyewe akaomba nakala. Nilimpa, Baba mdogo. Adui muombee njaa, lakini huyu alikuja kwa adabu. Programu yote inaingia kwenye disketi moja na nafasi inabaki. Nimeiita Nyingine, kwa kuwa ndilo neno walilolisema shangazi siku ile.

Ndani ya bahasha hii narudisha barua yako ya Septemba, ile ya kuuza. Tafadhali ichane wewe mwenyewe, mimi nimeshindwa, ina salamu nzuri mwanzoni. Na maneno yote niliyokusema moyoni tangu siku ile naomba unisamehe. Bila mashine yako nisingekuwa na cha kujivunia leo.

Baba anakusalimu sana. Mzee Halfan anakusalimu, na anasema ukija atakukabidhi mizani wewe, si sisi, kwa kuwa ndiwe uliyeitaka. Bi Rukaiya anakusalimu na anauliza kama umenenepa. Mwalimu Hulda hajakuona lakini anakusalimu pia. Nisalimie Mama mdogo na wadogo zangu wote, waambie dada yao ana makuu siku hizi na wamvumilie. Mungu akulinde, akupe afya na goti la kukufikisha Makambako.

Sasa la mwisho. Utaona pia disketi na CD moja. Mwombe mlinzi akufungulie ofisi yenye kompyuta mapema kabla wenzako hawajaja. Kila barua yako, miaka kumi na moja sasa, unauliza mama yako anaonekanaje siku hizi, nami najibu hajambo, kwa sababu unamjua, akiona kamera anajifunika khanga. Siku ile tulipofika picha ya mia sita na kumi na mbili, shangazi wote walikuwa wameshasema nyingine na kidole changu kimeshapita, ndipo Bibi mwenyewe, kule mlangoni, akasema rudi. Nikarudi. Ni jikoni kwenye harusi, nyuma ya masufuria. Khanga imemwanguka begani, nywele nyeupe zote nje, anacheka mpaka macho yamefumba, na hajui kama anapigwa picha. Aliitazama muda mrefu. Akasema, "Hiyo mpelekee Abdulatif."

Weka disketi na CD, fungua folda, bonyeza kishale cha kulia. Zitakuja haraka kama unavyotaka. Lakini ukimfikia Bibi, ondoa kidole. Hakuna saa itakayolia, hakuna maandishi yatakayopita. Atabaki hapo mbele yako, peke yake, mpaka utakapotosheka. Nimeitengeneza hivyo.

Mwanao akupendaye kwa moyo wote,
Mwanaheri Issa