Kasoro Moja Ndogo

Daegu, siku ya pili ya Chuseok, sikukuu ya mavuno

Kwako Dada,

Pokea salamu zangu hapo hospitalini ulipolala, na natumaini magoti yamepunguza kuwaka moto. Shemeji ameniambia umeanza kusimama kwa kushika reli, na kwamba umeshagombana na kijana wa mazoezi kwa sababu amekuita bibi. Nilicheka, nikajua unapona. Mimi ni mzima, ila usingizi umenipungua. Mwanangu Do-gyeom alinipigia kutoka kambini, sauti imekuwa nzito kama ya baba yake, akauliza hali yako kabla ya kuuliza nimemtumia nini. Jeshi limemfunza adabu, angalau hiyo.

Utashangaa kuletewa barua na Shemeji wakati simu unayo mkononi. Kwenye simu wewe hunikatiza, Dada, na mimi nikikatizwa hutafuta maneno matamu ya kupitia. Safari hii nataka unisikie mpaka mwisho. Baba yuko hapa kwangu. Makao yalimpa ruhusa ya sikukuu, kama wanavyowapa wazee wote wenye pa kwenda, na natakiwa kumrudisha Jumapili kabla ya chakula cha jioni. Sitaki kumrudisha. Lakini aliyetia sahihi siku anaingia ni wewe, na wamenieleza wazi kwamba bila neno lako mimi ni mgeni tu aliyemwazima. Hicho ndicho ninachokuomba, neno lako. Nitakueleza kwa nini, kisha utaamua mwenyewe, maana miaka yote hii umemwosha na kumlisha wewe huko Cheongsong, kwenye shamba lake la matufaha, mimi nikituma vifurushi.

Kazi yangu hujawahi kuielewa, nami sijawahi kujisumbua kuieleza. Majirani unawaambia mdogo wako yuko kwenye kompyuta. Ukweli ni kwamba naandika maneno ya biashara za watu mtandaoni. Daktari wa meno, mgahawa wa mbavu za nguruwe, kampuni ya kuhamisha vyombo, shule ya udereva: wanatuletea picha na maelezo mawili matatu, sisi tunaandika ili mtu akitafuta kwenye simu akutane nao kwanza, na akimaliza kusoma anyanyuke aende. Bosi Tak, aliyenifundisha, husema tangazo linalojulikana kuwa ni tangazo halisomwi na mtu. Watu wetu wamechoka kudanganywa. Wanamtafuta mtu wa kawaida, aliyekwenda kwa miguu yake, akalipa kwa pesa yake, akarudi nyumbani kusimulia yaliyomkuta. Basi sisi tunakuwa huyo mtu.

Na huyo mtu tunamtia lalamiko moja. Hilo ndilo somo la kwanza ofisini kwetu, kila habari iwe na kasoro moja ndogo. Mwenye mgahawa ana mdomo mchafu, lakini nyama yake hutaisahau. Daktari ana mkono mwepesi, ila foleni yake inachosha. Msomaji akiona umenung'unika kidogo, anakuamini yote yaliyobaki. Kasoro yenyewe iwe ya kitu kisichomzuia mtu kwenda. Niliwahi kuandika kwamba mpishi mmoja anaimba vibaya jikoni, watu wakafurika kwenda kumsikia, na maskini yule bwana haimbi kabisa. Tulicheka wiki nzima. Nakwambia haya yote makusudi, ili nikifika mbele usiniulize iliwezekanaje.

Unakumbuka mwezi wa tano, daktari alipokwambia magoti yote mawili yabadilishwe. Ulinipigia ukasema umetafuta makao ya wazee mpaka macho yamekuuma, na yote yanajisifu kama wagombea wa uchaguzi. Kisha ukapata moja, Bonde la Misonobari, na hukuyaamini kwa maneno ya makao yenyewe. Uliyaamini kwa maneno ya binti mmoja aliyemuuguza mama yake pale mpaka mwisho. Ukanisomea. Mama yule tumbo lake lilikuwa limekataa kila kitu, akawa anataka tu maji ya kimchi ya figili zilizochachushwa, baridi, yenye vipande vya barafu, na mlezi wa pale akawa anamnywesha kijiko kwa kijiko, kila siku, bila kununa. Ukarudia mara mbili ule mstari usemao, pale hawalishi mgonjwa, wanalisha mama wa mtu. Binti alilalamika kwamba pa kuegesha magari pamebana na supu haina chumvi. Sauti yako ilikuwa inakatika, ukasema, "Huyu hadanganyi. Hata supu ameisema." Kisha ukasema ni kama anamsimulia mama yetu.

Mimi nilinyamaza. Ukanitania kwamba leo mtu wa mjini amekosa la kusema. Nikajibu kwamba kama umeridhika wewe, nami nimeridhika, nikakata simu kwa kisingizio cha kikao.

Juzi nilikwenda kumchukua Baba. Nilipokelewa chini, kwenye kile chumba chenye makochi ya kijani ambacho Shemeji anakijua. Ndiyo maana yeye huja kwako akasema Baba ni msafi na amechanwa nywele. Kweli amechanwa, huchanwa kwenye lifti akiwa anateremshwa. Mkurugenzi mwenyewe alikuja kunisalimia, bwana mpole, koti lake jeupe limepigwa pasi, akanitolea maneno yale yale uliyonisomea, mama wa mtu na yote. Wameyaandika hata ukutani, herufi kubwa, juu ya kabati la viatu.

Kando yangu alikaa mama mmoja wa makamo amepakata chupa kubwa ya maji ya figili. Akaniambia kila wiki anamletea mama yake, kwa kuwa alisoma mtandaoni kwamba walezi wa hapa hawaoni taabu kumnywesha mtu. Aliniuliza na mimi nimeleta nini. Nilimwambia sikujua kama inaruhusiwa. Akanihurumia, akasema mwezi ujao nitakuwa nimezoea.

Baba alipoletwa alikuwa amevaa viatu vya mtu mwingine, vimemzidi. Nikasema ngoja nikamtafutie vyake. Mkurugenzi alikuwa ameshageukia wageni wengine, nikapanda ngazi. Dada, sitapamba. Ghorofa ya pili ni ukumbi mmoja mrefu, vitanda vimebanana hivi kwamba mlezi hupita kiubavu. Madirisha ya upande mmoja yamebandikwa picha ya msitu wa misonobari, kwa sababu nyuma yake kuna ukuta wa ghala. Wazee wengi wamevishwa mikononi mifuko ya kitambaa isiyo na vidole, mfano wa ile wanayovaa watoto wachanga wasijikwaruze, na mifuko imefungwa kwa kamba kwenye reli za kitanda. Ulikuwa wakati wa chakula cha mchana. Wali, supu, samaki na mboga vilikuwa vimekorogwa pamoja kwenye bakuli moja, mlezi akipita na kijiko kimoja kutoka mdomo hadi mdomo. Kwenye sinki kulikuwa na safu ya chupa za maji ya figili, kila moja imebandikwa jina, na vifuniko vyake havijafunguliwa. Nyingine zimeota ukungu.

Nilimwuliza yule mlezi kwa nini anawafunga. Hakuwa mtu mbaya, Dada, alikuwa amechoka tu. Aliniambia wasipofungwa wanasukuma bakuli, wanang'oa mipira ya dawa, wanataka kwenda shambani. Akasema yuko peke yake kwa ghorofa nzima tangu mwenzake aache kazi. Nilipotaja jina la Baba, alitabasamu. "Mzee wa matufaha? Huyo hana shida siku hizi," akasema. "Wiki ya kwanza alipigana. Sasa amekuwa mtu mzuri sana." Nikachukua viatu vya Baba chini ya kitanda nikashuka. Mkurugenzi alinipungia mkono mlangoni.

Sasa nifike pale ninapopaogopa. Yule binti hayupo, Dada. Hakuna mama aliyekufa pale akishikwa mkono. Yale maneno niliyaandika mimi, kwenye meza yangu, kabla ya chakula cha mchana, miaka miwili kabla hujayasoma. Bonde la Misonobari walitutumia picha ile ya msitu na mistari michache kuhusu usafi, na Bosi Tak akataka sauti ya binti aliyefiwa. Sikuwa na mama mwingine wa kumtumia. Nilimchukua wetu. Ni mama yetu aliyelilia maji ya figili wiki yake ya mwisho, daktari akakataa, na wewe na mimi tukawa tunamlowesha midomo kwa pamba huku akitutazama. Kwenye karatasi nilimpa alichonyimwa. Niliandika nalia, na ninaona aibu zaidi kwa hilo, kwa sababu nilipomaliza kulia niliisoma tena nikaona imekaa vizuri, nikaongeza maegesho na supu. Supu ile sijaionja mpaka leo. Maegesho hayapo kabisa.

Uliposema ni kama anamsimulia mama yetu, ulikuwa umemtambua. Na mimi nilinyamaza si kwa aibu peke yake. Nilijua kwamba kama ungekosa pa kumweka Baba, zamu ingekuwa yangu. Nilikuacha umpeleke mahali ambapo mimi, kati ya watu wote, nilijua kwamba sipajui.

Kabla ofisi haijafungwa kwa sikukuu nilimwomba Bosi Tak tuyaondoe maneno yale. Alinitazama kama mtu aliyeombwa arudishe mvua. Akasema ni mali ya mteja, na mteja anafungua tawi la pili na amemtaka mwandishi yule yule. Nilipomweleza kwamba baba yangu yuko ndani, alisema, "Pole. Lakini Hyo-rim, kwani ulidhani tunaandika kiapo?" Nisikudanganye kwamba nimeacha kazi. Sijaacha, na tawi la pili nimelikataa tu, atapewa mwingine. Maneno yangu bado yapo pale, yule mama wa chupa anaweza kuyasoma leo hii.

Unaweza kusema, na nitakuelewa, kwamba mtu anayelipwa kwa kushawishi hashindwi kukushawishi na wewe. Ndiyo maana nakuandikia mabaya ya kwangu yote. Nakaa ghorofa ya tatu, hakuna lifti, na juzi tulichukua muda mrefu kumpandisha Baba, Shemeji akimsukuma kwa nyuma. Chumba ni kimoja na jiko. Usiku hutembea akitafuta mlango. Amejikojolea mara kadhaa na mimi nilikasirika, nikampandishia sauti. Ananiita kwa jina lako. Sijui nitafanyaje kazi naye hapa, na sina uhakika kama nitaweza mpaka wewe utakapotembea. Nitajaribu, na nikishindwa nitakwambia siku ile ile.

Jambo la mwisho hili sikumwambia hata Shemeji. Jana asubuhi nilimpikia Baba uji wa wali na samaki, nikaupoza, nikauweka mbele yake. Akaunganisha mikono, vifundo vimegusana, akaninyoshea. Nilidhani anataka kunawa. Nikaifuta kwa kitambaa cha maji ya moto. Akairudisha vile vile, akanitazama, akangoja. Nilimwambia ale, nikamwekea kijiko kiganjani, akakiacha kidondoke, akanyosha mikono tena. Mchana ikawa hivyo, na jioni hivyo. Baba yetu, aliyekuwa akimfukuza mkaguzi wa serikali shambani kwa fimbo ya kupogolea, ananinyoshea mikono kwa adabu nimfunge, kwa sababu amefundishwa kwamba ndivyo chakula huja. Hakufungua mdomo mpaka nilipoibana mikono yake yote miwili kwa mkono wangu mmoja. Ndipo akala, akamaliza bakuli. Akanishukuru.

Mpigie mkurugenzi kabla ya Jumapili, Dada. Ukiona ni lazima arudi, nitamrudisha, ila uniambie kwa sauti yako mwenyewe. Nakutakia magoti mepesi na usingizi wa kutosha. Usiwe mkali kwa Shemeji akikuletea supu ya magimbi imepoa, amesafiri nayo mbali. Baba ni mzima. Amekaa dirishani hapa, anatazama paa za watu.

Ni mimi mdogo wako,
Hyo-rim