Mtaro wa Anyiko

Kerubo, kitendawili! Mgeni gani huingia bila hodi na kuondoka na ndizi zako? Ni maji ya mvua! Leo yamezoa mikungu yangu yote hapa soko la Nyakoe.

Na kibanda cha Anyiko, yule muuza samaki jirani yangu? Kikavu. Kikavu kabisa, Kerubo!

Afisa wa soko akausifu mtaro uliozunguka kibanda chake, eti Anyiko atufundishe sote kuchimba. Yeye! Wivu ukanipanda.

Nikamuuliza mbele ya watu, "Na wewe nani alikufundisha?" Akaendelea kupanga samaki wake. Nikarudia. Akainamisha macho.

Mwishowe akasema, "Si ni wewe, mama? Mwaka jana ulininyang'anya jembe, ukasema ninachimba kama kuku, ukauchimba mwenyewe."