Kiti cha Baba Kwenye Nyasi za Makumbusho

Bukoba, Alhamisi, wiki ya tatu ya Novemba. Mvua imenyesha tangu alfajiri hadi saa nne, kisha jua likatoka ghafla na mji mzima ukaanza kutoa mvuke. Leo nimetimiza miaka arobaini na sita na miezi miwili tangu nilipopanda meli ya Mwanza hapa bandarini nikiwa na sanduku moja. Nimehesabu mara mbili, kwa vidole, kwa sababu mara ya kwanza sikuamini.

Nina umri wa miaka sabini na tatu. Naandika nikiwa kwenye kibaraza cha nyumba ya wageni. Viatu vyangu vimejaa tope la bustani ya makumbusho, na sitaki kuvisafisha bado.

Niandike ukweli kwanza. Hakuna aliyenifukuza. Nilipangiwa kufundisha Mtwara, nikaenda, kisha vikaja vita, uhamisho, mke, watoto, kustaafu. Hizo ndizo sababu ninazowapa watu wakiniuliza. Lakini likizo ilikuwapo kila Desemba, na kila Desemba nilipata kisingizio.

Kilichonizuia kuja ni kiti.

Baba yangu alikuwa na kiti cha kuchonga, mti mmoja, miguu mitatu, kimelainika katikati kama kiganja. Katika ukoo wetu mzee akifa, kiti chake kinalazwa ubavu sakafuni. Mrithi ndiye anayekisimamisha mbele ya watu, anakaa, anapewa kahawa ya kutafuna, na kuanzia hapo kibanja ni chake, migomba, kahawa na makaburi. Akitaka kuachia, anakilaza tena kwa mkono wake, na watu wawe wanaona. Kiti kikiwa kimesimama, mwenyewe yupo, hata kama hajaonekana nusu ya maisha yake.

Nilikisimamisha kiti cha baba tulipomaliza matanga. Siku ya tatu nikaondoka kwenda Mtwara. Sikukilaza.

Mdogo wangu wa kike, Kokushubira, ambaye sote tunamwita Koku, alibaki Muleba, kwenye mteremko wetu upande wa Kamachumu. Amelima kibanja hicho miaka yote. Amepogolea kahawa, ameweka nyasi kwenye mashina ya migomba, amemzika mama. Yote hayo ameyafanya akiwa mlinzi wa mtu ambaye hayupo. Mwezi wa tisa alinipigia simu na sauti yake ilikuwa kavu. Kijana mmoja wa ukoo anataka kung'oa migomba apande mikaratusi ya mbao, na wanaume wamekubali kwamba Krismasi wakikutana watampa. Wanasema mlinzi amezeeka na mwenyewe hana habari.

"Kaka, njoo ulaze kiti," akasema. "Sikuombi kingine."

Nilifanya kama mwalimu yeyote angefanya: niliandika karatasi. Nikaipeleka ikagongwe muhuri, kwamba mimi ninamwachia dada yangu kibanja chote, nikamtumia aipeleke kwa ukoo. Mkubwa wa ukoo wetu ni Ta Rwegasira (Ta kwetu ni heshima, kama Mzee), mtoto wa baba yangu mkubwa, mtu wa miaka themanini na kitu. Koku ananiambia aliisoma yote, akaikunja vizuri, akamrudishia. "Hii ni ya serikali," akasema. "Ya kwetu iko wapi?"

Basi nimekuja.

Nilipofika hapa mjini Jumatatu nilimpigia simu, ndipo Koku aliponieleza jambo alilonificha tangu mwanzo. Kiti hakiko nyumbani. Tetemeko la ardhi lilipobomoa nyumba ya baba, kiti kilikosa pa kukaa. Hakuweza kukiingiza kwenye chumba chake, kwa sababu kiti cha mwenye kibanja hakilali chini ya kitanda cha mlinzi. Akakifunga kwenye khanga, akakileta mjini, akawapa watu wa makumbusho wamtunzie.

Jumanne nikaenda kukiona peke yangu. Makumbusho ni jengo la chini katikati ya bustani, ziwa likionekana kwa mbali, na ndege wa kwarara wanapiga kelele kwenye nyasi kama wenye mji. Nje kuna msonge mpya, nyumba ya nyasi ya mviringo, uliojengwa kwa ajili ya wageni, mzuri, safi, hauna moshi hata kidogo. Ndani nilisoma maelezo ya vitu nilivyovitumia. Kibuyu kama kile nilichonywea maji kiko ndani ya kioo. Kuna vazi la gome la mti, mikuki, picha za watu wenye nyuso za wajomba zangu. Kihaya kilichoandikwa chini ya baadhi ya vitu nilikisoma polepole, midomo ikicheza, kama mtu anayejaribu funguo kwenye kitasa cha zamani.

Halafu, karibu na mlango, nikakiona kiti. Hakikuwa ndani ya kioo. Kilikuwa kimesimama kwenye mkeka, na kibao kando yake kimeandikwa: Kiti cha mzee wa Kihaya. Wageni wanaruhusiwa kukaa na kupiga picha.

Mtunzaji ni mwanamke wa makamo anaitwa Jenesta. Aliniona nimeganda.

"Kaa, babu, usiogope. Hicho wageni wanakipenda kuliko vyote."

Nikamuuliza ni nani amewahi kukikalia.

"Uuu, nani hajakikalia! Wanafunzi, Wazungu, maharusi. Fundi umeme alikikalia wiki nzima akila chapati."

Nikamweleza. Alinisikiliza hadi mwisho, mkono mdomoni, kisha akaniambia kwa upole kwamba kitu kikishaandikwa kwenye daftari lao hakitoki bila barua kutoka juu, na barua ni ya miezi. Hata hivyo maharusi wanaruhusiwa kukitoa hadi kwenye nyasi, ndani ya ua, kwa picha.

Nilikaa kwenye benchi la bustani karibu saa nzima. Kwa kawaida mimi ningeandika barua, ningengoja, ningerudi Mtwara nikiwa na sababu nzuri sana. Najijua. Niliona wazi jinsi ambavyo ningelieleza jambo hilo kwa wanangu.

Nikatoa simu nikampigia Ta Rwegasira. Nikamwambia kama kiti hakiwezi kwenda Muleba, Muleba ije kwenye kiti. Kisha akasema ana goti bovu na mvua hii, lakini Alhamisi atakuja.

Leo walikuja kwa basi la asubuhi: Ta Rwegasira na fimbo yake, wanaume wawili wa ukoo kama mashahidi, na Koku nyuma yao akiwa amevaa gauni la kanisani na kitenge kipya. Katika miaka hii yote nilikuwa nimeona picha zake tu. Ana mwendo wa mama. Alinipigia magoti kunisalimu pale langoni, kwenye lami yenye maji, na mimi nikashindwa kumwinua haraka kwa sababu mgongo wangu nao si wa jana.

"Kasinge waitu," nikamsalimia Ta Rwegasira, kwa Kihaya changu cha zamani.

"Kumbe wewe mtu wa Mtwara bado unaongea kama watu!" akajibu, wale wawili wakacheka.

Nilipomwambia habari za wanafunzi, maharusi na fundi umeme, alisimama katikati ya njia akacheka mpaka akajishika kiuno. "Basi warithi wa baba yako ni nusu ya Bukoba. Na huyo wa chapati ndiye mkubwa wao. Aitwe!" Kisha akafuta macho. "Hao hawakukisimamisha wao. Walikikuta. Twende."

Jenesta alikitoa hadi kwenye nyasi, pembeni mwa ule msonge. Nyasi zilikuwa zimelowa. Hatua chache kutoka kwetu kulikuwa na maharusi kweli, bibi harusi ameshika gauni juu ya tope, mpiga picha anatafuta mwanga. Wanawake wawili kwenye ukuta walikuwa wananyonyoa mabawa ya senene. Hiyo ndiyo ilikuwa mahakama yangu.

Ta Rwegasira aliniuliza mbele ya wote kwa nini nilikiacha kiti kimesimama. Kwa miaka yote hii, alisema, wao walielewa kwamba mwenyewe anarudi. Mama yangu alikuwa akiweka chungu cha maji karibu nacho kila Krismasi. Hilo sikulijua.

Nilikuwa nimeandaa jibu. Nililipanga tangu Singida, ndani ya basi: wajibu, kazi, taifa changa. Lilikuwa jibu zuri. Sikulitoa.

"Nilikuwa nachelewa meli," nikasema. "Nilitoka nakimbia. Sikukumbuka. Nilikumbuka nikiwa Mwanza, nikaona aibu kurudi kwa ajili ya kiti. Baadaye aibu ikawa kubwa kuliko safari."

Ta Rwegasira akauliza: "Yaani sisi tumengoja miaka arobaini na sita kwa ajili ya haraka yako?"

"Ndiyo, kaka."

"Mh. Na meli uliiwahi?"

"Niliiwahi."

"Afadhali," akasema, na hapo hata mimi nilicheka.

Nikainama. Nikakishika kiti cha baba kwa mikono miwili, nikakilaza ubavu kwenye nyasi zenye maji. Kilikuwa chepesi kuliko nilivyokumbuka. Nikasema jina langu, na jina la baba, na kwamba ninaachia, na kwamba namwachia dada yangu.

Ta Rwegasira alitikisa kichwa. "Kulaza umelaza, hilo tumeliona. Kuachia umeachia. Kumchagua mwanamke ni jambo jingine. Hilo tutalizungumza Krismasi."

Nilijua maana ya maneno hayo. Krismasi kutakuwa na wanaume ishirini na kijana wa mikaratusi, na Koku atakuwa jikoni. Nilifungua mdomo nianze kubishana, kwa vifungu vya sheria, kama mwalimu.

Koku alikuwa anaangalia kiti. Maji yalikuwa yanaingia kwenye ule ubavu uliolala chini. Akavua kitenge chake kipya, akapiga magoti kama alivyozoea kila alipokifuta tangu akiwa msichana, akakiinua, akakifuta tope mguu mmoja baada ya mwingine bila haraka. Akakiweka chini. Kwa miguu yake mitatu.

Mmoja wa wale mashahidi akasema kwa sauti ndogo, "Amekisimamisha."

Koku akainua macho akamtazama Ta Rwegasira. Nimemfahamu dada yangu tangu azaliwe. Alijua alichofanya.

"Nani mwingine angekiinua?" akasema. "Au mlitaka kioze?"

Nilimwona yule mzee akiangalia kiti, akimwangalia Koku, akiwaangalia mashahidi aliowaleta mwenyewe ili waone. Walikuwa wameona. Hatimaye aliingiza mkono mfukoni, akatoa kahawa aliyoifunga kwenye jani kavu la mgomba.

"Kaa basi," akasema. "Goti langu linauma."

Koku akakaa. Alikaa kwanza pembeni kabisa, kama mtu kwenye kiti cha hospitali, kisha akasogea nyuma hadi katikati, pale palipolainika. Ta Rwegasira akamtilia punje za kahawa kiganjani, yeye mwenyewe akatafuna, mashahidi wakatafuna, nami wa mwisho. Ladha ile, chungu na kama moshi, sikuwa nimeipata tangu matanga ya baba.

"Mikaratusi haipandwi," akasema Koku.

"Hee! Hata hujakipasha kiti joto, umeanza!"

"Nimekipasha."

Mpiga picha alikuja akainama. "Bibi, samahani, mkimaliza tunaomba kiti. Bibi harusi amechoka kusimama."

"Angoje kidogo," Koku akamwambia. "Hata mimi nilingoja."

Alipoinuka, bibi harusi alikaa, akapigwa picha zake, na hakuna aliyejali. Koku ameamua kiti kibaki hapo hapo makumbusho hadi atakapojenga chumba kinachokifaa. Sharti lake ni moja, fundi umeme atafute pengine pa kulia chapati. Jenesta ameniomba niandike maelezo ya kweli ya kibao, atayapeleka kwa wakubwa wake. Nimeandika mistari miwili. Jina la mwisho ni la Koku.

Wakati wa kuondoka tulinunua senene kwa wale wanawake ukutani. Zamani Koku alikuwa akikamata senene kapu zima na hakuruhusiwa kula hata mmoja, walikuwa wa baba na wetu wanaume. Leo alikula akitembea.

Naandika sasa jambo lililonifanya nifungue daftari hili kabla hata ya kuvua viatu.

Kwenye stendi, mmoja wa mashahidi aliuliza kuhusu mpaka wa chini wa kibanja, karibu na kisima, kama jirani aruhusiwe kupitisha njia. Aliuliza akiniangalia mimi. Wote waliniangalia mimi. Koku pia, kwa mazoea. Na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa na jibu tayari mdomoni.

Nikageuka nikatazama ziwa. Nikalitazama hadi nikasikia sauti ya Koku nyuma yangu ikisema njia haitapita hapo, itapita juu.

Itakuwa hivyo kila nitakapokuja. Nitakaa kwenye mkeka kama mgeni, na macho yao yatanifuata kila wakiulizana jambo, na kidogo kidogo kiti kitakuwa changu tena bila mtu kukigusa. Dada yangu hastahili kungoja mara ya pili.

Dirishani mwa basi Koku aliniuliza kama nitakuja Krismasi. Nikamwambia hapana. Alinishika mkono kwa nguvu hadi basi likaanza kuondoka.

Ningependa kukiona kibanja. Sikupanda hata mlima wa Kamachumu safari hii. Nilitaka kwanza jambo hili liishe, na sasa limeisha. Ningependa kuliona kaburi la mama.

Kesho saa kumi na mbili asubuhi ninapanda basi. Sitarudi.