Neema Amesaini Mwenyewe

Ijumaa, Aziziya, Jeddah

Nilinuna bure, najua. Binti yangu Neema, anayekaa na shangazi yake Durban, juzi alitimiza miaka kumi na minane. Leo amesaini mwenyewe mkataba wa hosteli ya chuo. Miaka yote fomu zake nilisaini mimi, kwa kidole kwenye simu, huku napiga pasi.

"Sheria ya huku inasema mimi ni mtu mzima, Mum."

Mtu mzima! Mimi wa arobaini na tatu bado naomba ruhusa ya madam ninayemfanyia kazi za nyumbani kwenda mtaa wa Bani Malik kusukwa.

Halafu akanitumia mkataba wenyewe. "Nafasi ya shahidi nimekuachia wewe."

Nikasaini polepole, jina zima, pasi nimeisahau juu ya nguo, mpaka nikasikia harufu. Kanzu ya bosi imeungua mgongoni. Halas, basi, kesho nitajieleza.