Risasi Kwenye Kopo la Kahawa

Roundup, Montana

Kaka Anders,

Theluji imeyeyuka na mbwa wako hajambo. Jumamosi nashindania nafasi kwenye timu ya chuo, kulenga shabaha yadi mia mbili. Unajua bunduki yangu inapenda risasi za toleo moja tu la kiwandani, zilizotengenezwa kwa mkupuo mmoja. Za matoleo mengine hupiga chini ya shabaha. Babu ndiye aliyetukataza kuzichanganya.

Jana nilimkuta amemimina risasi za maboksi yote, za kila toleo, kwenye kopo moja la kahawa. Kwa macho hazitofautiani.

"Nimekupangia, Anders," akaniambia mimi. "Usiseme tena babu yako mvivu."

Nikamshukuru. Toleo lile haliuzwi tena. Nitapiga hizohizo, maana atakuja kunitazama.

Njoo upesi, kaka. Jina lako bado analikumbuka.

Mdogo wako,
Maren